Oveni ya Kuzeesha Waya

Siku Nicanor Ojwang alipoamua kuwa mtaalamu wa stima, alikuwa amekaa kwenye benchi la Trizah pale mtaa wa Kianda jijini Nairobi, chini kidogo ya kituo cha Olympic, akila keki ambayo hakuwa na nia ya kuilipia. Trizah alioka keki na skonzi katika oveni moja kubwa aliyoinunua kutoka kwa hoteli iliyofungwa. Wateja wake wengi walikuwa watu wa kuaminika. Nicanor alikuwa yule mwingine.

Kwenye benchi la pili walikaa wanaume wawili wenye ploti za vyumba vya kupangisha, nao walikuwa wanaongea kuhusu moto. Juma hilo nyumba kadhaa zilikuwa zimeungua upande wa Kabiro, kule Kawangware. Hakufa mtu, ila wapangaji walibaki na nguo walizovaa tu. Kila mtu alisema ni waya. Waya ulizeeka juu ya dari, ngozi yake ikakauka na kupasuka, cheche ikaruka, basi.

"Sasa mimi nitajuaje kama wangu umezeeka?" akauliza mmoja wao, mtu mnene aliyeitwa Osewe. "Waya hauna mvi."

Nicanor akaacha kutafuna. Alikuwa na umri wa kutosha kujua sauti ya mtu mwenye pesa anapoogopa, na sauti hiyo ilimwingia masikioni tamu kuliko kwaya ya Pasaka.

Tena, kwa bahati mbaya ya watu wengi, kitu hicho kimoja, uzee wa waya, alikuwa anakijua. Zamani kidogo aliajiriwa kufagia katika kiwanda cha nyaya huko Industrial Area, na chumba alichokifagia kilikuwa cha kupimia. Aliwaona mainjinia wakikata vipande vya waya mpya, wakivining'iniza ndani ya oveni, wakiviacha humo siku nyingi. Alipouliza, walimwambia wazi: joto linaharakisha uzee. Waya ukikaa humu kidogo, ni kama umekaa chini ya paa la mabati miaka. Halafu waliutoa, wakauzungusha kwenye chuma chembamba, wakatazama kama ngozi ya plastiki imepasuka. Nicanor aliipenda kazi ile, mpaka walipogundua kwamba vipande vilivyokwisha kupimwa vilikuwa vinatoka getini ndani ya soksi zake.

Wale wazee walipoondoka, akamgeukia Trizah.

"Tri, hii oveni yako inafika joto gani?"

"La kuoka keki. Kwani wewe unataka kuoka nini?"

"Waya."

Trizah akaweka trei chini. "Umevuta kitu, ama ni hiyo keki yangu ya bure imekupanda kichwani?"

Lakini Nicanor alikuwa na ulimi wa kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe na kumdai nauli ya kukipeleka nyumbani. Kabla chai haijapoa Trizah alikuwa amekubali kuikodisha oveni saa za mchana, wakati ambao keki hazitoki sana. Nicanor akaenda soko la mitumba la Toi akachagua koti jeupe la daktari, safi, lenye kalamu ya watu wengine bado mfukoni. Akabandika karatasi kwenye mlango wa oveni: MASHINE YA KUPIMA UMRI WA WAYA. Kisha akafanya jambo dogo ambalo ndilo lililokuwa moyo wa biashara nzima. Alikichomoa kile kifundo cha oveni cha kupandishia na kushushia joto, akakizungusha kidogo, akakirudisha. Kuanzia hapo kifundo kilipoonyesha joto la wastani, ndani ya oveni kulikuwa na moto wa kuunguza skonzi mpaka ziwe makaa. Hakuna waya wa nyumba ambao ungetoka humo na heshima yake.

Mteja wa kwanza alikuwa Osewe. Alileta kipande cha waya kutoka ploti yake, waya wa shaba nzuri, mzima kabisa, ambao ungetumika mpaka wajukuu wake waoe. Nicanor akautia ndani, akatazama saa, akatikisa kichwa kama daktari anayeficha habari mbaya. Alipoutoa na kuuzungusha kwenye msumari, ngozi yake ilipasuka kama midomo ya mtu kwenye baridi ya Julai.

"Mzee," akasema kwa upole, "wapangaji wako wanalala kwa neema ya Mungu tu."

Osewe akatoka jasho. Hapo Nicanor akamletea faraja. Yeye si mtu wa kutajirika kwa shida za wengine, akasema. Angembadilishia nyaya zote bila malipo, fundi juu yake, waya mpya juu yake. Kitu kimoja tu aachiwe: hizo takataka za zamani, kwa ajili ya utafiti. Osewe, ambaye maishani hakuwahi kupewa kitu cha bure akakiuliza maswali, alimshika mikono yote miwili.

Takataka hizo zilikuwa shaba tupu, na bei ya shaba kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu Nicanor aliijua kuliko siku yake ya kuzaliwa. Waya mpya alioweka ulikuwa wa alumini nyembamba, umepakwa rangi ya shaba juu juu, ngozi yake laini kama ya ndizi. Baada ya mauzo alinunua pikipiki ya mkono wa pili, nyekundu, akaanza kupaka mafuta nywele.

Trizah alipopewa fungu lake hakulifurahia sana.

"Na watu wa Osewe wakiungua?"

"Wataunguaje? Si nimewawekea waya mpya?"

"Mpya wa nini?"

"Mpya wa juzi," akasema Nicanor, akawasha pikipiki ili asisikie swali la pili.

Habari za daktari wa waya zilivuka Ngong Road bila kulipa nauli. Haikuchukua muda akapigiwa simu na mwanamke wa Kabiro aliyejitambulisha kuwa Mama Sella, mjane, mwenye ploti ya vyumba vya mabati safu mbili na dari la mbao. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi kwa kusumbua. Nicanor alifika kesho yake, koti limepigwa pasi.

Alimkuta mama mfupi mwenye kilemba, sweta la kijani na miguu iliyovimba kidogo. Mama akamkaribisha kwa chai ya maziwa na viazi vitamu, akamwita daktari, akamwita mwanangu, akaomba kwanza wafunge macho wamshukuru Mungu kwa kumleta. Nicanor alifunga jicho moja. Kwa lile lingine aliukagua waya mweusi mnene ulioshuka kutoka kwenye mlingoti mpaka kwenye mita, na bomba lililotoka hapo likapotelea juu ya dari. Unene huo ulimpa njaa.

"Mimi nilitaka fundi wangu apande juu aangalie," akasema baada ya amina.

"Dari limeoza, mwanangu. Akikanyaga vibaya anashukia kitanda cha mtu, na wengi wamefunga milango wako kazini." Mama Sella akainama chini ya meza, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti. "Lakini nimekukatia kipande. Sijui kama kitafaa. Huu umekaa juu ya moshi, daktari, umeona mambo."

Nicanor akafungua gazeti, na chai nusura imwagike kwenye koti. Ulikuwa waya mnene kama kidole cha mtoto. Nje ulikuwa mweusi kwa masizi, umekakamaa, unanuka moshi. Lakini pale ulipokatwa, shaba ilimchekea, nyekundu, nzito. Akatazama zile safu mbili za vyumba. Akatazama dari lote, mwanzo mpaka mwisho, akaliona limejaa shaba kama hiyo kila upande, inamngoja.

"Nyumba nzima ni waya wa aina hii?" akauliza, akijaribu kuifanya sauti iwe ya huzuni.

"Marehemu mzee wangu hakupenda vitu vya bei rahisi," akasema Mama Sella, na sentensi hiyo, kama Nicanor alivyokuja kuitafakari baadaye, haikumjibu alichouliza.

Mama aliomba jambo moja tu. Kipimo kifanyike mbele ya wapangaji wake wachache, ili wasije wakasema mama amewadanganya. Nicanor akasema sayansi haina siri.

Basi wakaja Kianda siku ya Jumamosi, Mama Sella na wapangaji wake, miongoni mwao Celine, dada mrefu anayefua nguo za watu, akiwa na mtoto mgongoni. Na kwa kuwa Kianda hakuna jambo linalofanyika bila watazamaji, umati ukajikusanya mbele ya kibanda cha Trizah. Nicanor alikuwa katika kilele cha uwezo wake. Alieleza jinsi ngozi ya waya inavyozeeka: kwamba mabati ya mchana yanaichemsha, kwamba pasi na jiko la koili vinaichemsha kwa ndani, kwamba mafuta yanayoifanya iwe laini yanakauka kidogo kidogo mpaka inabaki kama ganda la yai. Yote hayo yalikuwa kweli tupu, na pengine ndiyo sababu aliyasema vizuri.

"Saa moja humu ndani," akasema akipigapiga mlango wa oveni, "ni miaka ya watu kule nje."

"Ebu nimtie bwana yangu," akasema mwanamke mmoja nyuma, "nione kama atakomaa."

Watu wakacheka. Waya wa Mama Sella ukaingia, kifundo kikawekwa pale pa wastani. Ulipotolewa, Nicanor akauzungusha kwenye msumari, na ngozi ikaachana vipande vipande ikadondoka chini. Celine akashika mdomo. Mama Sella akakaa kwenye benchi taratibu, akijipepea kwa kitambaa.

"Mungu wangu. Na watoto wanalala chini ya hiyo kitu."

Nicanor akaleta faraja yake, ileile: yeye si mtu wa kutajirika kwa shida za wengine. Fundi juu yake, waya juu yake, mama amwachie tu zile takataka. Umati ukanong'ona kwa mshangao, na bibi mmoja akasema kumbe vijana wazuri bado wapo.

Mama Sella akafuta macho. "Mwanangu, ubarikiwe. Na huo waya mpya utakaotuwekea, unao hapa?"

Nicanor alikuwa nao, rola nzima, inang'aa kwenye nailoni. Akaionyesha.

"Basi nao tuutie."

"Tutie nini, mama?"

"Huo mpya. Tuone utazeeka namna gani."

"Si lazima, mama, huu ni..."

"Utie!" wakasema watu, kwa ile furaha ya watu wasio na hasara yoyote katika jambo. "Utie, daktari!"

Nicanor akakata kipande, akatabasamu, akaupeleka mkono kwenye kifundo ili apunguze joto kimyakimya. Alikuta mkono mwingine umefika kabla yake, mdogo, wenye pete ya shaba.

"Usiguse, mwanangu," akasema Mama Sella. "Acha palepale ulipowekea wangu. Ndio iwe haki."

Ikawa haki. Kabla ya mtu kumaliza kuuma skonzi, moshi mweusi ulitoka kwenye upenyo wa mlango. Trizah alipoufungua, watu walirudi nyuma wakikohoa. Ngozi ya waya mpya ilikuwa imeyeyuka yote, imetiririka kwenye trei kama kamasi, na ile alumini imebaki uchi, kijivu, rangi ya shaba imeshaitoka kama poda usoni pa mtu aliyelia.

Mtu wa kawaida angekimbia. Nicanor akainua mikono yote miwili.

"Mmeona?" akapaza sauti. "Mmeona wenyewe? Huo ndio waya feki! Niliuleta makusudi, ili mjue kile wezi wanawauzia huko nje!"

Umati ukampigia makofi. Trizah peke yake alijishika kiuno, akimtazama kwa namna ambayo haikuwa ya kumsifu wala ya kumlaani, kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda mti.

"Asante sana kwa kutufunza, daktari," akasema Mama Sella. "Sasa utuletee ule wa kweli. Ule utakaotoka humu mzima. Na kitu kingine, watu wangu hawawezi kukaa giza. Kwanza uweke mpya, stima iwake, ndio ubandue wa zamani."

Nicanor angeweza kuishia hapo, na hadithi hii ingekuwa fupi na pikipiki ingebaki yake. Lakini alikuwa amekwisha kuiona ile shaba. Jioni hiyo hakula. Aliwaza habari ya dari, urefu wake, uzito wa kila hatua, akajiona anashusha magunia ya shaba soko la Gikomba na wanunuzi wa vyuma wanagombana.

Tatizo lilikuwa lile la kifundo. Kwa joto lile alilolitega mwenyewe, kila waya aliojaribu kwenye oveni kimyakimya ulikufa. Waya wa bei ya kati ulikufa. Waya mzuri, ule unaowekwa kwenye nyumba za matajiri, ulikufa kwa staha zaidi lakini ulikufa. Na kukirudisha kifundo hakuwezekani, kwa sababu Mama Sella alikuwa amekigandisha kwenye shina lake kwa rangi ya kucha na kumwomba Trizah, kwa jina la Yesu, asiifute, naye Trizah si mtu wa kuvunja ahadi ya namna hiyo.

Wesonga, fundi aliyekuwa anamfanyia kazi za kupanda juu, ndiye aliyempa jibu. "Kuna ile nyeupe, ya mpira laini. Ile wanatia ndani ya pasi na hizi oveni zenyewe. Hiyo moto hauipati. Lakini bei yake, bro..."

Walienda maduka ya stima ya barabara ya Luthuli wakaulizia. Nicanor alipoambiwa bei alijishika kwenye kaunta. Kisha akafikiria dari. Akaiuza pikipiki. Haikutosha. Akarudi Kianda akaketi kwenye benchi lake, na safari hii alilipa keki, jambo lililomtia Trizah wasiwasi mara moja.

"Unataka nini?"

"Tri, zamu yako ya kupokea pesa za chama imefika, sivyo?"

"Hizo ni za kufungua kibanda cha pili. Usiziguse hata kwa macho."

"Vitakuwa vibanda vitatu. Uliiona ile shaba au hukuiona?"

Aliiona. Hilo ndilo lilikuwa baya. Trizah alikuwa ameamka gizani miaka yote hiyo, mikono yake imejaa alama za trei za moto, na mara moja tu maishani alitaka pesa ije bila kuchoma mtu mkono. Akampa. Alipompa alimshika kola ya lile koti jeupe akamwambia, bila kupaza sauti, kwamba ikipotea atamtia yeye mwenyewe humo ndani, na kifundo atakizungusha mpaka mwisho.

Waya mweupe ukatiwa kwenye oveni mbele ya Mama Sella. Ukatoka laini, mzima, kama umetoka saluni. Mama akapiga kigelegele. Wesonga akafanya kazi siku kadhaa, akipitisha nyaya kwenye mabomba ya plastiki kando ya kuta, nje, bila kugusa dari, kama mama alivyotaka. Nicanor alisimamia akiwa amekaa. Wapangaji walimletea chai kwa zamu. Celine alijaribu pasi, akawasha na taa na redio kwa pamoja, akangoja. Hapakuwa na harufu. Hapakuwa na taa kufifia. Alicheka peke yake, kisha akamwambia Nicanor, "Siku zote nilikuwa napiga pasi mkono mmoja umeshika mtoto, nikisikia waya ukilia tii kidogo tu nikimbie."

Nicanor akasema ni wajibu wake. Kwa sababu fulani hakumtazama usoni.

Hatimaye ikafika siku ya kubandua. Alikodi mkokoteni, akaleta magunia mapya, akamwambia Trizah aje ajionee mali yake inavyoshuka. Wesonga akazima kila kitu, akapanda ngazi, akang'oa mbao za kwanza za dari, kichwa kikapotelea juu.

Nicanor akafungua mdomo wa gunia la kwanza.

"Shusha!" Nicanor akaita.

Kikaanguka kipande cha waya wa simu. Kikafuata waya mwembamba wa kengele ya mlango. Ukafuata waya wa kuanikia nguo, bado na kibanio kimoja. Halafu antena ya redio, halafu alumini iliyosokotwa na alumini, ikafungwa kwa nailoni ya unga, na pale nailoni ilipoisha pakafungwa kwa kitu ambacho Nicanor alipokigusa alikuta ni chingamu iliyotafunwa. Kuanzia mita mpaka chumba cha mwisho, hakukuwa na shaba ya kutengenezea hata hereni.

"Endelea!" akapiga kelele. "Huo ni wa pembeni tu! Ule mnene uko wapi?"

Wesonga akashuka. Uso wake ulikuwa na vumbi na kitu kingine. "Hakuna mnene. Ebu panda uone, bro. Hapa watu walikuwa wanalala chini ya kiberiti."

Nicanor, ambaye alikuwa anaogopa ngazi kuliko polisi, akapanda. Juu ya chumba cha Celine, hasa juu ya kitanda, mbao ya dari ilikuwa nyeusi, imeungua kwa ndani eneo la sinia, na katikati yake kulikuwa na tundu dogo ambalo kupitia kwake aliona blanketi la mtoto lenye picha za sungura. Alibaki pale juu kitambo kirefu kuliko alivyohitaji. Hakupenda alichokuwa anahisi, na akashuka haraka ili akibadilishe kiwe hasira.

Mama Sella alikuwa uani akichambua mboga.

"Mama, umeniibia!"

"Mimi? Nimekuibia nini, mwanangu?"

"Ule waya ulionipa! Ule mnene! Haukutoka hapa!"

"Haukutoka hapa," akakubali Mama Sella bila kuinua macho. "Niliununua dukani, hapa mtaani Congo. Kipande tu. Nikauning'iniza juu ya jiko la kuni wiki nzima, karibu unishinde kwa kukohoa. Wewe unazeesha waya kwa oveni, mimi nazeesha kwa kuni. Kila mtu na mashine yake."

Wapangaji walikuwa wameanza kutoka vyumbani.

"Huo ni ulaghai!" akasema Nicanor, na neno hilo lilimtoka mdomoni likiwa geni, kama kiatu cha mtu mwingine.

"Ulaghai gani? Ulisema waya wa nyumba yangu ni mbovu. Mimi nikakubali. Umeutoa, huo hapo. Si mbovu?"

Nicanor alitazama lile rundo. Maishani mwake aliwahi kusema uongo kwa lugha nne, na sasa alikuwa anabanwa na kweli aliyoisema mwenyewe mbele ya watu.

"Na wewe ulinijuaje?" akauliza mwishowe.

"Osewe tuko naye kwa chama cha wenye ploti. Swichi zako zilipoanza kupata joto alibandua kila kitu, akaweka waya mwingine kwa pesa zake. Aliapa akikupata atakuvunja miguu. Mimi nikamwambia, usimvunje, ana moyo wa kujitolea. Mwache kwanza afike kwangu." Akaweka majani mengine kwenye sufuria. "Nimezungushwa na mafundi miaka, daktari. Kila mmoja anataka pesa ambazo sina. Wewe ndiye wa kwanza ulikuja unanitamani."

Watu waliangua kicheko, wote isipokuwa Trizah. Yeye alikuwa amesimama kando ya mkokoteni mtupu, mikono imelegea, na machozi yalikuwa yanashuka bila sauti. Mama Sella alimwona. Akaweka kisu chini.

"Wewe ndiye mwenye oveni."

"Na pesa za waya," akasema Trizah. "Nusu yake. Zangu za chama."

Hilo Mama Sella hakuwa amelijua. Akafikiri, akafuta mikono kwenye leso.

"Chumba cha mbele hapo barabarani kiko wazi. Nilikuwa siwezi kumpa mtu wa kutumia stima nyingi, tungeungua. Sasa kinaweza kubeba oveni hata mbili. Leta yako. Kodi tutaongea pesa zako zikisharudi, sio kabla. Ila ubandue hiyo karatasi ya mlango wa oveni."

Trizah akajipangusa. Akamgeukia Nicanor, akamvua lile koti jeupe taratibu, akalikunja, akaliweka kwenye mkokoteni. "Hili nitalivaa nikioka," akasema. "Na wewe utausukuma huu mkokoteni mpaka Kianda, na utaurudisha na oveni juu yake. Ukikataa, Osewe nina namba yake."

Akausukuma. Ngong Road nzima ilimwona.

Oveni ilipokwisha kuwekwa mahali pake, Nicanor alitoka uani kwa Mama Sella bila kuaga, shati limemgandia mgongoni, mfukoni hana hata nauli. Alikuwa amefika karibu na kibanda cha mkaa aliposikia, "Daktari!"

Alikuwa mwanamume mwenye kofia ya pama na tabasamu pana. "Mimi ni Mukhwana. Nimetoka kuona kazi yako kwa Mama Sella. Waya mweupe! Wa bei! Na hukuchukua chochote, ulichukua takataka tu. Ndugu, mchungaji wetu lazima akuone. Mimi niko na ploti hapo nyuma, ina waya mbovu kuliko ule."

"Mzee, mimi nina haraka..."

"Hata yangu ni mbovu," akasema mama mmoja akitoka dukani.

"Ya kwangu ilishawaka mara mbili!"

Nicanor akaongeza mwendo. Nao wakaongeza. Akakata kona kwenye kichochoro cha wachoma mahindi, akaruka mtaro, na nyuma yake akasikia mlango mwingine ukifunguliwa na sauti nyingine ikiuliza ni nani huyo, na jibu likipita kutoka mdomo mmoja hadi mwingine: ndiye yule anayewekea watu stima bure. Akaanza kukimbia. Alikuwa amewahi kufukuzwa katika mitaa mingi ya Nairobi, kwa mawe, kwa rungu, mara moja kwa sufuria ya maji moto, na alijua kwamba watu wenye hasira huchoka baada ya kona ya tatu. Kona ya tatu aliipita. Ya nne aliipita. Watu wa Kabiro walikuwa bado nyuma yake, wamezidi kuwa wengi, wakimwombea baraka kwa sauti kubwa, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kuchoka.